Tundu la Pembe ya Wazee

Sahani ilikuwa tupu tena asubuhi hiyo, imelambwa ikang'aa. Bibi Razanamavo aliiokota kutoka pembe ya kaskazini-mashariki ya sebule kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea zawadi.

"Amekula," alisema. "Juzi alibakiza, leo kamaliza. Ni wale dagaa wako, mke wa Naivo. Huyo mtu alipenda dagaa tangu ujana wake."

Voahangy, mkwe wake, alikuwa amepiga magoti hatua tatu kutoka hapo, anafagia. Mbele ya ufagio wake kulikuwa na mavi ya panya, meusi, marefu kama punje za mpunga, bado mabichi. Aliyasukumia kwenye kipande cha gazeti.

"Mama, hebu tazama haya."

"Nimeyaona."

"Yanaanzia kwenye sahani, yanakwenda moja kwa moja hadi kwenye tundu."

"Panya yuko kila nyumba. Mimi nazungumzia mwenye nyumba."

Nyumba ilikuwa yake kweli, huyo mwenye nyumba. Alikuwa Ratsimba, marehemu mume wa Bibi, na babu yake ndiye aliyechoma matofali yake, mekundu, manene, akayaunganisha kwa udongo wa mtoni. Chini walilala kuku na nguruwe mmoja, katikati watu, juu kabisa likawa jiko na ghala la mpunga. Kwa miaka tisini udongo ule ulikuwa umekauka ukawa unga, na kila ulipodondoka uliacha njia. Tangu mvua za kwanza Voahangy alikuwa ameziba matundu kumi na saba. Alichanganya udongo na majivu na vigae vya chupa, akapigilia vifuniko vya makopo kwenye mbao, akaliinua ghala la mpunga juu ya mawe na kila jiwe akalivika bati lililopinduliwa kama kofia. Mikono yake ilikuwa na majeraha ya vigae hadi viwikoni.

Lilibaki la kumi na nane. Hilo lilikuwa kwenye pembe ileile ya sahani, pembe ya wazee waliotangulia, pale ukuta unapokutana na sakafu ya mbao. Pembe ile hainyooshewi miguu. Haiegemezwi ufagio. Nyundo ndiyo kabisa, wala haikufikiriwa.

Ratsimba alikufa kwa tauni miaka mitano na miezi minane iliyopita. Hakuingia kwenye kaburi la ukoo, lile la mawe lililo juu ya kilima, kwa kuwa sheria inakataza maiti ya tauni kufukuliwa na kuhamishwa mpaka ipite miaka saba. Alilala peke yake chini ya mikalitusi, ndani ya chokaa.

"Wenzake wana mlango wao wa jiwe," Bibi alizoea kusema. "Yeye hana. Unataka aende wapi?"

*

Siku ya Ijumaa panya watatu walionekana wamekufa kwenye njia ya kwenda kisimani, wamejinyoosha mchana kweupe kama walevi. Saa nne bwana afya alikuwa tayari kijijini. Jina lake Solofo, kijana mnene aliyependa utani, na alipita nyumba hadi nyumba akifuatwa na majirani waliotaka kujua kwa mwenzao kuna nini.

Alipopanda kwa Bibi Razanamavo alisifu kwanza. Alisifu vifuniko vya makopo, akasifu kofia za bati. Halafu akafika kwenye pembe, akaiona sahani na wali wa asubuhi, na kando yake kikombe cha pombe ya miwa.

"Mama, hapa mmefungua hoteli," alisema. "Wageni wanakula, wanakunywa, na chumba cha kulala kipo."

Majirani kwenye ngazi walicheka. Voahangy aliona shingo ya mama mkwe wake ikikakamaa.

"Wewe nakufahamu," Bibi alisema. "Ulikuwa umefunika mdomo, lakini macho ni hayahaya. Wewe ndiye uliyekuja kumchukua mume wangu, ukammwagia chokaa."

Kicheko kikafa.

"Nilikuwa kazini, Mama."

"Na yeye alikuwa kazini. Alikuwa anavuna."

Solofo alitazama viatu vyake. Kisha akamgeukia Voahangy, akasema kwa sauti ya chini iliyokosa utani. "Tundu hili lazima lizibwe, na chakula kisilale chini. Lakini nisikilize vizuri. Kwanza dawa ya viroboto. Usivunje kiota, usiue panya hata mmoja, mpaka niwaletee unga wake. Panya akifa viroboto hawafi naye. Wanashuka, wanatafuta damu nyingine. Mimi unga umeniishia, utakuja Jumanne na lori."

"Leo Ijumaa."

"Najua leo Ijumaa, dada yangu."

Mialy, binti yake Voahangy, mwenye miaka sita, alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, amemkumbatia mwanasesere wake wa mti, anachungulia ndani ya tundu. "Kuna mtu anapumua," alisema.

Voahangy alimwinua kwa mkono mmoja.

*

Alimkuta mumewe kwenye tanuri la matofali, amepakaa tope hadi magotini. Naivo alimsikiliza bila kuacha kufyatua. Alijaza udongo, akaupiga, akaupindua, tofali likatoka, akajaza tena.

"Ngoja Jumanne," alisema.

"Na Jumanne utaliziba wewe?"

"Nikiliziba mama atasema nimemfungia baba nje."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui. Usinibane, Voahangy."

"Unamwogopa mama yako au baba yako?"

"Wote wawili. Wewe huwaogopi kwa sababu si wako."

Neno hilo lilimwingia, na Naivo aliona limemwingia. Akaiweka kalibu ya kufyatulia chini. Alitazama kilima, lilipo kaburi la ukoo, kisha upande wa pili, kwenye mikalitusi.

"Nitakwambia kitu, usicheke," alisema. "Mimi namsikia. Darini, alfajiri, kabla hujaamka. Unaukumbuka ule mguu wake wa kushoto? Basi hatua moja nzito, moja anaiburuta. Panya hachechemei."

Voahangy hakucheka. Naye alikuwa amezisikia hatua hizo. Alikuwa amelala akizihesabu, huku mkono wake umefunika tumbo la mtoto.

*

Jumapili Voahangy alisema tumbo linamsumbua. Bibi na Naivo wakaenda kanisani, Mialy akabaki na mama yake.

Kusubiri Jumanne kulimshinda. Jumamosi alikuwa ameokota panya mwingine aliyekufa, huyu chini kabisa ya ngazi yao, na alimhofia mtoto wake. Tena nafasi ya nyumba kuwa tupu hairudi mpaka Jumapili nyingine. Alichemsha maji sufuria mbili. Alichanganya udongo. Alipofika kwenye pembe alivua kandambili zake, akasema kwa sauti, "Mnisamehe," halafu akaingiza nondo kwenye tundu na kung'oa tofali la kwanza.

Ndani kulikuwa na uwazi wa ukubwa wa kapu, na ndani ya uwazi kulikuwa na kiota. Kilikuwa chekundu.

Alidhani ni damu. Alivuta kwa ncha ya nondo, kikatoka kitambaa, nyuzi nyuzi, laini kuliko kitu chochote kilichokuwa ndani ya nyumba ile, na katikati yake watoto wa panya saba, wekundu wenyewe, vipofu, wakitikisika. Hapo ndipo alipojua. Ilikuwa hariri ya sanda. Bibi Razanamavo alikuwa ameifuma kwa mikono yake miaka miwili mizima, ameikunja ndani ya sanduku chini ya kitanda, ikingoja siku ya kumtoa mumewe kwenye chokaa, kumfunga upya, kucheza ngoma wamembeba mabegani kama ilivyo desturi, na kumwingiza kaburini kwa wenzake. Panya walikuwa wametoboa sanduku kwa nyuma na kuibeba sanda kipande kwa kipande.

Alimwaga maji ya moto. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, ikakatika. Panya mkubwa alipita kati ya miguu yake na kutokomea ngazini. Voahangy alikikusanya kiota kwa mikono mitupu, akakitia kwenye kapu la takataka, akaanza kupanga matofali upesi, udongo na vigae, udongo na vigae.

"Mama, tazama, kanzu."

Mialy alikuwa amemvika mwanasesere wake kipande kikavu cha hariri, upana wa kiganja.

"Kirudishe kapuni."

"Ni kizuri."

"Nimesema kirudishe."

Lakini huko bondeni wimbo wa mwisho wa ibada ulikuwa umeanza, na tofali la mwisho halikuwa limekaa sawa. Voahangy aligeukia ukuta. Alipomaliza, alipofuta sakafu na kurudisha sahani mahali pake, kitambaa alikuwa amekisahau. Ndivyo alivyojiambia baadaye. Ukweli ni kwamba alikiona tena jioni, kwenye shingo ya mwanasesere, na mtoto alikuwa ameshasinzia naye mkononi, na yeye alikuwa amechoka.

*

Jumatatu sahani ilikuwa imejaa. Wali ulikuwa umekauka juu, dagaa wamekodoa macho. Bibi aliitazama muda mrefu.

"Hakuja," alisema.

Akakaa kwenye mkeka bila kunywa maji yake ya ukoko wa wali, na ndipo macho yake yalipotua kwa Mialy. Alimwita. Alikishika kitambaa kati ya vidole viwili, akakisugua taratibu, kama fundi anavyoujua uzi wake gizani. Akaenda kwenye sanduku. Voahangy alisikia kifuniko kikifunguliwa.

Bibi alirudi na kilichobaki mikononi, mabaka na mashimo.

"Alikuwa na baridi," alisema.

"Mama, ni panya. Kilikuwa kiota, ndani ya ukuta. Nimekiona kwa macho yangu. Walikuwamo na watoto."

"Alikuwa na baridi, akaja kuchukua nguo yake. Umekiona wapi? Ndani ya ukuta upi?"

Alifika kwenye pembe kabla Voahangy hajajibu. Udongo ulikuwa bado na unyevu. Hakupiga kelele. Aliokota kijiko kwenye sahani ya wali, akapiga magoti, akaanza kuchimba.

Voahangy alimshika kifundo cha mkono. Kilikuwa chembamba kuliko alivyodhani. Walibaki hivyo, wanawake wawili sakafuni, mmoja amemshika mwingine kama mwizi, na mtoto anatazama.

"Mama, mimi nina mtoto."

"Na mimi nina mume. Mume wangu alichukuliwa na bwana afya. Mlango wake unachukuliwa na wewe, ndani ya nyumba yake, siku ya Mungu, umevizia niko kanisani."

"Mama, nakuomba."

"Hata kama ni panya, walijua humo kuna mtu wa kutandikiwa. Niachie mkono."

Voahangy aliuachia. Hadi mchana tundu lilikuwa wazi, na kikombe cha pombe kimejazwa upya.

*

Jumanne lori halikuja, lilikwama kwenye tope. Jumatano halikuja. Alhamisi asubuhi Mialy alikataa wali na kusema miguu yake ina moto. Voahangy alimlaza chali, akapapasa kwenye kinena, na vidole vyake vikagota kwenye mtoki mgumu, mdogo kama harage. Mtoto aliruka kwa maumivu.

Naivo alimfunga mgongoni na kuteremka kilima mbio, Voahangy na Bibi nyuma yake. Madirisha yalifungwa moja baada ya jingine walipokuwa wakipita. Mwanamke aliyekuwa akiosha vyombo kisimani aliviacha hapohapo, akajifunika pua kwa shuka alilojitanda na kusimama nyuma ya mti mpaka wamalize kupita. Alikuwa ndiye mkunga aliyemzalisha Voahangy.

Zahanati iliwapokea uani. Solofo alikuwa amefunika mdomo, na kweli, macho yalikuwa yaleyale. Mtoto alichomwa sindano ya kwanza, akapelekwa kwenye chumba cha peke yake. Watu wazima walipewa vidonge vya kumeza hapohapo mbele ya Solofo, huku akihesabu.

"Mmemwahi," alisema. "Kesho ingekuwa habari nyingine. Sasa niambieni. Mtoto alishika nini? Kuna mtu aligusa panya? Kuna mtu alivunja kiota?"

Aliuliza akimtazama Voahangy. Voahangy alifungua mdomo. Aliiona mikono yake mwenyewe ikikusanya hariri, akauona mgongo wake ukimgeukia mtoto.

"Ni mimi," alisema Bibi Razanamavo kutoka kwenye benchi. "Mimi ndiye niliyewalisha. Uliniambia nisiwalishe, nikawalisha. Andika."

Solofo aliandika. Naivo aligeuka akamtazama mama yake kwa namna ambayo mtoto hapaswi kumtazama mzazi. Voahangy alifunga mdomo wake, na jawabu likabaki hivyo.

*

Mialy alikaa zahanati siku tisa. Mtoki ulipungua ukawa kama punje, homa ikaondoka, akaanza kuuliza habari za nguruwe. Nyumbani lori la dawa lilikuwa limefika. Unga ulimwagwa kila pembe, takataka zikachomwa, mwanasesere akachomwa. Naivo hakuwa amesema na mama yake neno zaidi ya salamu.

Siku mtoto aliporudi, Bibi alimtazama akipanda ngazi moja moja, akipumzika kwenye kila ya tatu kama kikongwe. Alipofika juu Bibi alimwambia Voahangy, "Nichanganyie udongo."

"Naivo ataliziba, Mama. Ameshakubali."

"Nichanganyie udongo, nimesema. Weka na vigae."

Alipiga magoti mwenyewe. Voahangy alimpa matofali, moja moja. Mikono ya kizee ilipaka, ikakandamiza, vigae vikamkata, hakusimama. Na wakati wote alizungumza na ukuta, kwa sauti ya mke anayemsema mume jikoni.

"Baba Naivo, umekula vya kutosha. Nilikupa wali, nilikupa pombe, sanda umejichukulia mwenyewe bila kuniambia. Sikukukatalia. Lakini huyu mtoto hukupewa. Huyu hukupewa na mtu. Umebakiza mwaka mmoja na miezi minne. Kaa kwenye chokaa yako ungoje. Mimi nitafuma nyingine. Usije tena hapa."

Akaweka tofali la mwisho, akalipiga kwa ngumi likaingia.

Ndipo waliposikia mkwaruzo. Ndani ya ukuta, nyuma ya udongo mbichi, kitu kilikwaruza. Kilikwaruza, kikatulia, kikakwaruza tena, upande huu, kisha upande ule.

Voahangy aliona mkono wa mama mkwe wake ukinyooka kuelekea kwenye tofali. Vidole vilisimama juu ya udongo uliokuwa bado unaweza kukwanguliwa kwa ukucha. Halafu mkono ukafunguka, kiganja kikalala bapa ukutani, kikabaki hapo.

"Mama, huyo ni panya tu. Amefungiwa ndani."

Bibi aliuondoa mkono ukutani. Aligeuka, akaegemeza mgongo wake kwenye pembe ambayo haiegemezwi hata ufagio, akanyoosha miguu. Alikaa hivyo siku ile na siku iliyofuata. Alikula kidogo, akasinzia kwa kukaa. Mkwaruzo ulipozidi alifumba macho. Watu wa nyumba walizungumza kwa kunong'ona, na Mialy alipouliza ni nani anabisha, mama yake alimpeleka uani.

Siku ya pili alasiri Voahangy alikuja kukaa karibu naye. Mgongo wake nao ukaugusa ukuta, akahisi mkwaruzo ukipita kwenye mifupa.

"Mama, aliyemletea Mialy ugonjwa ni mimi," alisema. "Nilikivunja kiota kabla ya dawa. Kitambaa nilikiona kwake nikakiacha."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Nilikishika kile kitambaa, mwanangu. Ulidhani nadhani kimeruka chenyewe kutoka kiotani?"

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Kwa sababu mimi ni mzee, na watanisema mwaka mmoja. Wewe wangekusema mpaka huyo mtoto aolewe." Bibi aliusikiliza ukuta. "Na mimi niliwalisha. Hilo halikuwa uongo."

Siku ya tatu, mchana, mkwaruzo ulikuwa mdogo, kama ukucha mmoja tu. Ukaacha. Ukarudi mara moja. Ukaacha. Bibi Razanamavo aligeuka akaweka sikio ukutani, naye Voahangy aliweka lake, na wakangoja mpaka nguruwe chini akachoka kukoroma.

"Ameenda," Bibi alisema.

Siku ambayo Ratsimba alimwagiwa chokaa, mkewe alikuwa amefungiwa zahanati kwa amri, na alipotoka hapakuwa na maiti ya kulilia wala watu wa kulia nao. Sasa alivuta shuka lake juu ya kichwa, akalifungua koo lake, akalia kilio cha mjane wa siku ya kwanza, kirefu, chenye jina la mume ndani yake. Kilitoka madirishani kikashuka kilima. Voahangy alimshika mabega. Naivo, aliyekuwa uani akiosha tope miguuni, alisimama wima.

Madirisha ya jirani yalifunguka, moja, kisha jingine. Yule mwanamke wa kisimani alitoa kichwa nje, shuka bado puani.

"Naivo," aliita, "ni nani kafa?"

Naivo alitazama juu, kwenye dirisha la kaskazini-mashariki.

"Baba," alisema.